Mkono Aliounyimwa Nyangi

Soko la samaki la Mwigobero, Musoma mjini, lilijaa kana kwamba korona haipo duniani. Katikati ya beseni za dagaa, Nyangi, na gauni lake la kitenge cha njano na barakoa ya kitambaa hicho hicho, akakutana uso kwa uso na Yusto. Walikuwa wakisoma pamoja chuo cha utalii kule Bunda, wakapendana. Tangu chuo kifunguliwe tena Yusto hakuwa amerudi, na simu alikuwa hapokei.

"Mpenzi, kumbe upo?" Nyangi akanyoosha mkono.

Yusto akarudi nyuma, mikono akaificha mgongoni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

Kunyimwa mkono mbele ya watu si jambo dogo kwa watu wa Mara. Mama mmoja muuza sato akaguna.

"Chuo nimeacha," Yusto akasema. "Utalii umekufa, Nyangi. Hilda kahamia ualimu, Fredy yuko kwenye bodaboda. Wewe unabaki na nani darasani?"

"Nilijua nabaki na wewe."

"Rudi kwa bibi yako. Kwetu Makoko usije."

Jioni Nyangi akampigia. Safari hii ikapokelewa, lakini kabla hajasema neno akasikia sauti ya mwanamke: "Yusto, njoo, maji yamechemka." Simu ikakatika. Nyangi akapiga magoti, na maombi yakamshinda.

Siku ya mtihani wa vitendo ikafika, huko Butiama, kwenye makumbusho. Desturi ya chuo ni kwamba mwanafunzi huongoza mwenzake anayejifanya mgeni. Nyangi alikuwa amebaki peke yake.

"Asiye na mgeni hatahiniwi," Mwalimu Pastory akasema kwa huruma. "Na asipofanya mtihani hata mwanafunzi mmoja, kozi inafungwa."

Nyangi alikaa getini. Mara akatokea mtu mwenye kofia pana na kamera ya kuazima shingoni.

"Mimi mgeni. Natoka mbali sana, Makoko."

Sauti ilikuwa ya Yusto. "Karibu Butiama, mgeni. Simama hapo hapo mbali, ndivyo ulivyozoea."

Wakatembea, mwalimu akifuata kwa nyuma.

"Kiongozi," Yusto akauliza chini chini, "huku mtu akinyimwa mkono, anasameheaga?"

"Inategemea mwenzake alikuwa anaficha nini."

"Baba. Ugonjwa ulimpata, mimi na dada Anastazia tulikuwa tunamfukiza kwa maji ya moto, milango tumefunga. Tungesema, majirani wangetukimbia. Mkono ule ulikuwa umetoka kumfuta jasho. Ningekupa, ungempelekea bibi ugonjwa."

Kumbe mwanamke wa maji ya moto alikuwa wifi yake.

"Mzee anaendeleaje?"

"Jana kala ugali. Bado anakohoa kidogo."

"Na utalii, umefufuka?"

"Naogopa hata sasa. Wageni wakirudi, wewe ndiye utakayesimama mbele yao."

"Na wasiporudi, nisimame mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Nataka kuleta wazee kwenu."

Akanyoosha mkono. Nyangi akamwaza bibi yake na kifua chake kibovu, akakiwaza kile kikohozi cha Makoko, na barabara ya mbugani isiyopitiwa na gari la mgeni hata moja. Mungu wangu, nifanyeje?

Akatoa kichupa cha sanitaiza kwenye pochi, akammiminia Yusto, akajimiminia na yeye.

"Kwa jina la Yesu," akanong'ona, akaushika ule mkono.