Mapumziko ya Mwenyekiti

Ndugu zangu wa Granville, Fairfield na kokote mnakosoma Kiswahili katika jiji hili la Sydney, itazameni kwanza picha. Maji ya buluu yametulia kama yamepigwa pasi. Hatua chache kutoka majini limeegeshwa gari kubwa jeupe lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, lile ambalo hapa wanaliita motahomu. Mbele yake mwanamume amekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu mitupu, samaki wanaiva. Huku kwetu ni Julai ya 2021, baridi imeingia mifupani. Kule kisiwani alikopigia picha, kaskazini kwenye joto, watu wanaogelea.

"Tumekuja kupumzika kidogo, wapendwa. Muwe salama," ameandika chini yake.

Huyo ni Erasmus, mwenyekiti wa umoja wetu. Tulimchagua ugonjwa wa korona ulipoanza, kwa sababu moja tu: anajua Kiingereza cha ofisini. Kazi yake ilikuwa kuchukua kila amri ya serikali na kutueleza kwa Kiswahili. Mimi Dunstan shule yangu iliishia darasa la nne, nilimpigia kura kwa mikono miwili.

Mama yake hayumo pichani. Bibi Tumpe alikuja kutoka Tukuyu kumtembelea Erasmus na familia yake, mipaka ikafungwa, akabaki. Safari ya kisiwani hawakumchukua, wakasema gari linamtapisha. Wakamjazia friza vyakula, na mwanawe akamwachia neno moja kali: "Mama, usimfungulie mtu yeyote mlango."

Wakiwa huko, Sydney ikafungwa, watu wakaamriwa kubaki majumbani. Wapo waliokatisha safari wakarudi kwa watu wao. Mwenyekiti alikaa. Arudi kwenye baridi na polisi kwa nini, wakati kazi yake anaifanya kwa kompyuta ufukweni?

Na serikali nayo! Wenye nyumba za baharini walitembeza mbwa wao juani. Sisi wa magharibi ya jiji tukaletewa polisi wa farasi, na helikopta juu ya paa. Nilichosikia mimi ni kimoja: usiingie nyumba ya mtu. Kila nilipoandika kwenye kundi la wasapu, "Mwenyekiti, tueleze tunaruhusiwa nini," alituma picha ya mwari, yule wa mdomo mrefu wenye mfuko, amesimama juu ya nguzo ya taa. Ndege, jamani. Tunauliza sheria, tunajibiwa ndege.

Basi nikawa namjulia hali Bibi Tumpe dirishani, kioo katikati yetu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula mkate. Ile nyama ya friza ni jiwe, mwanangu, na mashine yao ya kupashia inalia kama mtoto, sijui inataka nini." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Vidonge vyangu vya presha vimeisha. Mtu alikuja akagonga, sikufungua. Erasmus alinikataza."

Nikampigia mwenyekiti pale pale.

"Mzee Dunstan, dawa niliziagiza, zikaletwa mpaka mlangoni!"

"Na wewe ndiye uliyemwambia asifungue."

"Basi nitaagiza tena."

"Njoo mwenyewe."

"Nikirudi nafungiwa, mzee wangu. Huku angalau watoto wanapata jua. Wewe si uko hapo hapo? Uwe unamchungulia."

Nikaibandika simu kwenye kioo. Bibi Tumpe akasogeza mdomo, pumzi yake ikatia ukungu. "Baba, mimi sitaki dawa za kuagizwa. Rudi nikuone."

"Wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ikaja, akaongeza nyingine.

Asubuhi moja Aketch, nesi Mkenya wa mtaa wetu, alikuwa anatoka zamu akanikuta nikigonga kioo. Pazia limefungwa, ndani kimya.

"Mzee, mbona unaganda hapa nje?"

"Kuingia ni marufuku."

"Nani alikudanganya? Kumchunga mgonjwa inaruhusiwa! Ungekuwa unaingia tangu mwanzo!"

Tukaita ambulansi, wakavunja mlango, wakamkuta sakafuni. Kiharusi, walisema. Alifia hospitalini siku ile ile.

Nikamwandikia mwanawe kama wanavyoandikiana watu wenye adabu, maana neno "amekufa" halirushwi usoni kwa mtoto wa marehemu. Niliandika: "Mwanangu Erasmus, mama amepumzika."

Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma ya sauti samaki wanachachatika kwenye mafuta. "Vizuri sana, mzee. Mwache apumzike. Na sisi huku tunapumzika."

Nilidhani amerukwa na akili. Baadaye mkewe, Brigitha, alinieleza. Mume alikuwa na mikono ya mafuta, simu ikasomwa na binti yao aliyezaliwa hapa. Mtoto akatafsiri kwa Kiingereza neno kama alivyolijua: bibi amejilaza. Baba hakuomba hata kuuona ujumbe wenyewe. Ukweli waliupata kesho yake, rambirambi zilipojaa kwenye kundi.

Erasmus akaendesha lile gari kubwa bila kulala, akaliegesha mtaani kwetu likaziba njia. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Mwaka uliotangulia nilimzika mke wangu Stephania kwa watu kumi hao hao waliohesabiwa getini, kwa hiyo nilijua pa kusimama.

Udongo ulipokwisha akanijia, macho mekundu. "Mzee Dunstan, kwa nini hukuniambia wazi?"

"Nilikuambia kwa Kiswahili."

"Nilidhani amelala."

"Ulitaka kudhani hivyo," nikamjibu, nikaondoka. Semeni mnavyotaka kusema, mimi siombi radhi.

FUNZO

Mzazi hawekewi chakula cha friza akaitwa ametunzwa. Dawa inayoletwa na mgeni si sawa na mkono wa mtoto uliyemzaa mwenyewe. Na ninyi mnaotoa amri, wa serikalini na wa kwetu: amri isiyoeleweka inaua, hata ikiwa ndani yake mmeandika ruhusa. Mnalijua hilo, ila mkiulizwa mko mapumzikoni.

Sasa Erasmus amekiacha kiti cha mwenyekiti, kiko wazi, na nasikia wagombea wameanza kutupigia simu kwa Kiingereza kizuri. Msiwaulize wamesoma wapi. Waulizeni mama zao wako wapi, na leo nani amewapikia.