Mtaa Uliomsimamisha Fundi Lifti

Ukumbi wa hospitali ulifurika watu asubuhi ile, na lifti, kwa ukorofi wake, ikachagua saa hiyohiyo kugoma. Nesi mmoja, sare nyeupe imenyooka kwa pasi na raba za waridi miguuni, akamwinamia fundi aliyezamisha kichwa kwenye nyaya.

"Fundi, mgonjwa wako atapona leo, au tuanze kuchimba kaburi?"

"Atapona, sista. Ila daktari wake hajanywa hata chai."

"Pole jamani! Mponye kwanza, chai juu yangu."

Basi chai ikazaa chai nyingine, namba zikabadilishwa, na haukupita muda fundi akawa hapati usingizi bila kuambiwa "lala salama, mpenzi" kwenye simu. Hata Kidoti, binti wa nesi, wa darasa la pili, alishamzoea. Walikutana Jumapili mjini, wote watatu, wakala aiskrimu mpaka vidole vikanata.

Tatizo lilikuwa moja tu: nyumba. Fundi alikuwa amejenga nje ya mji, ukuta mrefu, geti la chuma, kimya mpaka unasikia friji inavyonguruma. Nesi alipanga vyumba viwili katika mtaa mkongwe karibu kabisa na katikati ya jiji, ambako shule, zahanati, bembea za watoto na duka la mkate vyote ni vya kwenda kwa miguu.

"Hamieni kwangu, malaika wangu. Hapo mnabanania nini?"

"Nyumba yako nzuri, mpenzi. Lakini mimi ni mtu wa zamu. Kidoti nitamwachia nani huko, friji?"

"Utaniachia mimi!"

Nesi akacheka.

Ijumaa moja fundi akamaliza kazi mapema, akajisemea, ngoja leo nimfurahishe mpenzi wangu. Akabadili ovaroli, akavaa shati jipya la bluu, akaenda kumngoja Kidoti nje ya shule bila kumwambia mtu. Looh! Hakujua mtaa ule watoto wanarudi nyumbani machoni pa watu. Mwenye duka la mkate huwasindikiza kwa macho mpaka kona, fundi viatu huwapokea hapo, msusi huwaona wakiingia milangoni. Na leo Kidoti kashikwa mkono na mwanamume ambaye hakuna anayemjua.

"Samahani, ndugu." Fundi viatu alikuwa amesimama, nyundo mkononi. "Huyu mtoto unampeleka wapi?"

"Huyu ni rafiki wa mama," Kidoti akasema.

"Rafiki wa mama tutamjua akija na mama. Kaa hapo kwenye benchi, ndugu. Maji utakunywa?"

Nesi akapigiwa simu, akaja mbio na sare yake. Akamkumbatia mwanawe, akashika mkono wa fundi viatu kwa mikono miwili. "Asante, kaka. Asanteni sana, majirani." Ndipo akamgeukia mpenzi wake.

"Unawashukuru?" fundi akafoka. "Wamenikalisha kama mwizi!"

"Ungenipigia simu tu, mpenzi."

"Kumbe mimi bado mgeni. Nimeelewa."

Akaondoka. Simu zikapigwa, hazikupokelewa. Nesi alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili Kidoti asisikie, maana alimpenda sana yule mwanamume, na alijua hawezi kumfuata nyuma ya ule ukuta.

Siku chache baadaye fundi alikuwa anarudi kwake akakuta kitoto cha shule kimekaa nje ya geti la jirani, kinalia. Nyumba imefungwa. Akagonga mageti ya jirani, wakamjibu mbwa. Akaketi nacho kandokando ya barabara, akakibembeleza. Magari yakapita, vioo vimepandishwa. Mama mtu alipofika akasema asante, akaingiza gari, akafunga geti. Hata jina hakumuuliza. Fundi akabaki amesimama nje ya geti. Angekuwa mtu mbaya je?

Akatoa simu.

"Nisamehe, mpenzi. Leo nimekaa na mtoto wa watu barabarani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni nani."

Nesi akauliza, "Umekula?"

"Sijala."

"Haya, Jumamosi njoo."

Jumamosi akaja, lakini akapitia kwanza kwa fundi viatu. "Kaka, nimekuja kukushukuru kwa siku ile. Halafu naulizia nyumba ya kupanga hapahapa mtaani. Ya watu watatu."

"Watatu!" msusi akapiga kelele kutoka saluni. Nesi alikuwa kwenye kiti chake, akatoka mbio, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Watatu ni nani na nani?"

"Mimi, Kidoti, na wewe, kama utakubali nikuoe."

"Na nyumba yako je?"

"Nitaipangisha kwa anayependa kimya."

Unadhani alisema ndiyo? Wala. Alimshika mkono, na kichwa chake vilevile, akampitisha mlango kwa mlango: kwa fundi viatu, kwa msusi, duka la mkate, mpaka kwa mlinzi wa shule. Kila mlango maneno yaleyale: "Mtazameni vizuri huyu. Ni wetu. Mkimwona kamshika Kidoti mkono, waacheni wapite."

Kufika kwa mlinzi, mwanamume mzima alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati, hajui amshukuru nani kwanza.