Majina Arobaini na Nane

Haya yalimpata rafiki yangu Mwenze, hapa ughaibuni, mtaa wa Schaerbeek. Miaka mitatu alimtafutia Sista Katrien, mtawa mzee aliyemfundisha shuleni kwetu Likasi, habari za nyambizi ya Kiitalia iliyopotea vitani ikiwa na baba yake Sista ndani, haijulikani alipandaje. Kila ofisi ilijibu: baba hayumo kwenye orodha ya mabaharia.

“Bon, ma soeur, nimechoka! Tubasome bote, sawa vile mu misa ya marehemu.”

Mwenze akamsomea Sista orodha yote, jina kwa jina, kwa hasira. Baada ya kila jina, bomba la kupashia nyumba joto likagonga ukutani: ko! Ilikuwa Julai, joto limezimwa. Jina la arobaini na nane, ko! Orodha ikaisha. Bomba likatulia.

Sista akanong'ona jina la baba yake.

Bomba likagonga, likagonga, likagonga, wala halikukoma.