Sauti Iliyomrudia Seremala

Kila asubuhi seremala alipiga randa mbao zake huku simu ikilia mfukoni. Lilikuwa kundi la mtandaoni la mafundi wenzake na jamaa zao. Yeye ndiye aliyelianzisha, na kila aliyembishia alimtoa. Hata shemeji yake muuguzi, mdogo wa mkewe, alitolewa. Kosa lake? Alisema dawa ya presha haiachwi kiholela.

Seremala mwenyewe alikuwa na presha. Vidonge aliviacha, maana kundi zima lilisema vinaharibu figo.

Siku moja randa ilimponyoka. Mdomo ulikwenda upande. Alitaka kumwita mkewe, maneno hayakutoka. Mkewe akapiga mayowe. Majirani wakamkimbiza mgonjwa hospitali.

Kilikuwa kiharusi, lakini alinusurika. Ulimi ulipofunguka, shemeji yake alikuja kumwona.

"Shem, nani alikwambia uache dawa?"

"Kila mtu."

Akampa simu. Shemeji alipekua ujumbe mmoja baada ya mwingine, akirudi nyuma, mpaka ule wa kwanza. Hapo akaduwaa. Uliandikwa na seremala mwenyewe! Aliokota maneno barabarani, akayatuma. Wenzake wakayasambaza, kila mmoja akitia chumvi yake, mpaka yakamrudia kama habari mpya.

Seremala alisoma jina lake, akalisoma tena.

"Ukipachika milango kwenye nyumba tupu," shemeji akauliza, "ukiita, unasikia nini?"

"Sauti yangu."

"Basi kundi lako ndilo hilo. Ni chumba cha mwangwi. Wanaokupinga umewatoa nje. Waliobaki wanakurudishia maneno yako, nawe unadhani ni ushahidi."

Akamweleza kwamba si lazima kumwamini kila anayepinga. Amsikilize tu, kisha amwulize anayelijua jambo lenyewe.

Seremala alimrudisha shemeji yake kundini palepale. Kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umelegea, akaandika yaliyompata, akauliza nani mwingine ameacha dawa.

Kisha akajibu fundi rangi, rafiki yake wa tangu utotoni.

"Mimi. Niliacha kwa sababu ulisema wewe."

Seremala alilia waziwazi. Alimsihi aende kupimwa siku hiyohiyo. Presha ilikutwa juu mno, hata mpimaji akashtuka, na matibabu yakaanza upya.

Fundi rangi yu hai. Juzi alimbishia seremala kundini mchana kutwa, na seremala akamwacha aseme.