Somo la Jumapili Katika Chumba cha Mashine

Jumatatu saa mbili asubuhi, wanafunzi wa chuo kimoja cha mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, walifungua simu zao wakakuta jukwaa la masomo li tupu. Kwa miezi mingi walimu walikuwa wamerekodiwa, mmoja mmoja, na masomo yote ya chuo yakahamishiwa mahali pamoja mtandaoni. Sasa hapakuwa na somo hata moja. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa umefungwa, kitasa hakijaguswa, lakini diski ya akiba, yenye nakala ya masomo yote, haikuonekana.

Funguo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mkurugenzi Henri, ambaye Jumapili alishinda kanisani mbele ya watu wote. Nyingine ilikuwa ya fundi Dany. Basi Dany akatiwa ndani kabla ya saa nne, na kesho yake gari lingempeleka gereza la Uvira. Mtu akishafika huko bila mtetezi, kutoka ni majaliwa.

Godelieve, mtunza kumbukumbu za wanafunzi, alikuwa dada mkubwa wa Dany, yaya kama alivyomwita. Hakuwa polisi, wala hakuwa na hamu ya kujifanya polisi. Alikwenda kwenye dirisha la mahabusu akiwa na hasira na hofu kwa pamoja.

"Mashine inaonyesha masomo balifuta jana, kati ya saa tatu na saa tano. Ulikuwa wapi?"

"Ku nyumba. Nililala."

"Na funguo?"

Dany alitazama chini. "Usiniulize tena, yaya."

"Batakupeleka Uvira kesho!"

"Banipeleke."

Akamwendea Casimir, mwenye mashine ya fotokopi pale getini. Jukwaa lilikuwa limemuulia kazi, na mara nyingi alikuwa ameliapiza mbele za watu.

"Jana nilikuwa Kazimia, ku matanga," alisema Casimir bila kuinua uso. "Uliza batu ba boti nzima. Kama ningeifuta, ningekuambia, mama. Ningejivuna."

Watu wa boti waliulizwa, wakathibitisha.

Akabaki Useni, mlinzi, Mwislamu ambaye hushika zamu ya Jumapili wenzake wakienda kanisani.

"Papa Useni, haukuona muntu?"

"Kuona, hapana, mi nilikuwa nazunguka ku nyuma. Lakini nilipopita karibu nilisikia. Prof Néhémie alikuwa anafundisha mule ndani. Nikasema, prof iko na kazi, nisimusumbue."

"Prof alituaga juzi, alisema anapanda kwake Fizi."

"Sauti yake naijua. Anauliza, 'Tuko pamoja?' Kisha anajijibu yeye mwenyewe, 'Tuko pamoja.' Kila mara vile. Nikasema, muzee anazeeka."

Henri aliposimuliwa alicheka. "Ile ni mashine ilikuwa inasema, Godelieve. Dany alikuwa anasikiliza huku anafuta. Sasa umemufunga mudogo wako wewe mwenyewe."

Godelieve alitoka akakaa kwenye ngazi za ofisi, machozi yakimlenga. Masomo ya Néhémie alikuwa ameyarekodi yeye, kwa simu yake, katika darasa lisilo na mwanafunzi. Mzee hakuweza kuacha mazoea yake ya kuuliza na kungoja. Jaribio la kwanza lilikuwa bado kwenye simu. Akaliweka sikioni.

"Tuko pamoja?" iliuliza sauti ya Néhémie. Kikafuata kimya. Mbuzi akalia nje, kisha somo likaendelea. Hakuna aliyejibu.

Mashine ilikuwa imeuliza tu. Aliyejibu alikuwa mtu hai mle chumbani, na Useni alisikia sauti ile ile moja: Néhémie mwenyewe.

Hapo akaelewa pia kimya cha Dany. Baba yao alipouawa, Néhémie ndiye aliyewalisha na kuwasomesha wote wawili. Godelieve alitamani asingeelewa.

Alichukua pikipiki, akapanda milima hadi Fizi. Néhémie alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, amevaa koti na tai.

"Umekuja juu ya Dany," alisema.

"Nimekuja juu yako, prof."

Akabonyeza simu. Sauti ikauliza, "Tuko pamoja?" na kabla mbuzi hajalia, midomo ya mzee ilifunguka.

"Tuko pamoja," alinong'ona. Kisha akafunika uso kwa mikono.

Godelieve alimwacha alie. Alimpenda, na saa ile alimchukia kupita Henri.

"Ijumaa directeur Henri aliniita ku ofisi yake," alisema Néhémie. "Eti, prof, masomo yako yote iko mu mashine, itafundisha hata miaka kumi, sasa wewe upumzike. Binti yangu, mule nilisema kila kitu ninachojua. Sikubakisha. Kumbe nilikuwa najifukuza."

"Na masomo ya benzako?"

"Nilienda kufuta yangu tu. Nikaisikiliza, nikaifuta. Kisha nikaona majina yabo. Nabo bangeambiwa bapumzike. Nikafuta yote."

"Diski?"

"Iko mu ziwa."

"Na Dany?"

"Nilimudanganya nataka kurekebisha somo, akanipa funguo. Tangu niliposikia bamemufunga nimevaa hivi nishuke. Miguu imekataa."

"Simama, prof. Tunashuka pamoja."

Jioni mzee aliingia mahabusu na Dany akatoka. Walipishana mlangoni. Dany alimshika mzee mkono, akampita dada yake bila kumtazama.

"Ungeniacha niende, yaya," alisema akiwa ameshampa mgongo.

Mwaka wa masomo ulipotea. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walifunga mizigo, na walimu walipoitwa kurekodi upya, hakuna aliyekuja kujifukuza. Henri akamfuata Godelieve ofisini.

"Nasikia uko na kipande cha Néhémie mu simu. Lete tuanze na ile."

"Sina," alisema Godelieve.

Mkurugenzi alipoondoka aliitoa simu, akasikiliza mara ya mwisho. "Tuko pamoja?" Akangoja mbuzi alie. Kisha akaifuta rekodi ile.