Jicho Lisilouma

Kinyozi alifungua duka asubuhi, akafagia, akapangusa kioo. Mteja wa kwanza alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Mashine ikanguruma, soga zikanoga. Kazi ilipoisha, shemeji alijitazama kwenye kioo, akaangua kicheko.

"Shemeji, upande huu vipi? Umeniwekea akiba?"

Kweli, juu ya sikio kulikuwa na kishungi kizima cha nywele. Kinyozi hakukiona kabisa. Akacheka naye, akakimalizia kwa mkasi.

Nyumbani, aliposimulia, mkewe hakucheka.

"Baba watoto, yale matone ya jicho uliyopewa kliniki bado unatia?"

"Nilitia mwanzoni. Jicho lenyewe haliumi, nilisumbue la nini?"

"Kesho tunakwenda wote."

Kliniki, muuguzi wa macho alimpima. Presha ya jicho la kulia ilikuwa juu mno.

"Ndani ya jicho lako kuna vijichembe vyeupe, kama mba," alisema muuguzi.

"Mba naijua, dada. Si inaoshwa tu?"

"Hii haioshwi, baba, wala si uchafu. Inaziba njia ya kutokea maji ya jicho. Maji yakikwama, presha inapanda na kuua mshipa wa kuonea. Polepole, bila maumivu."

"Mbona langu limeharibika upesi?"

"Mwenye vijichembe hivi, presha yake hupanda sana, tena hupanda na kushuka ovyo. Umri ukisogea, hatari huongezeka. Na wewe ukaacha dawa."

Kinyozi akauliza: "Nikianza tena, nitaona kama zamani?"

"Hapana. Kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki. Na jicho la kushoto tutalipima kila ukija, maana nalo linaweza kufuata."

Walipofika nyumbani, alimpa mkewe kichupa.

"Nitie wewe, mama watoto. Mimi huwa nalenga jicho, napiga shavu."

Kila jioni alilaza kichwa kitini, mkewe akamtia tone. Dukani alijizoeza kumzunguka mteja na kukagua pande zote kabla ya kumfungua shuka.

Miezi ilipita. Tarehe ya kliniki ilipofika, walikwenda tena pamoja. Muuguzi alipima jicho la kulia, akapima la kushoto, kisha akatabasamu.

"Presha imeshuka vizuri. Mshipa haujaharibika zaidi. Na la kushoto ni salama."

Kinyozi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi sasa naweza kupumzika na matone?"

Muuguzi na mke wa kinyozi walijibu kwa sauti moja:

"Thubutu!"

Kinyozi akacheka mpaka mabega yakatikisika, akanyoosha mkono kupokea kichupa kipya.