Alama za Huruma

Kila siku akitoka shule, msichana alivua sare, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akaketi mkekani na mama yake na kasha la kadi za maswali. Mama alimaliza chuo cha uuguzi, lakini bila leseni aliishia kuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, wa kubeba ndoo na kubadilisha mashuka. Mtihani wa leseni alishaufeli mara mbili. Akifeli wa tatu, ingembidi arudi chuoni mwaka wa kwanza, na kwa umri wake hilo ni sawa na kuambiwa aache.

Binti alisoma swali, akasikiliza jibu, akaweka alama ya vema au ya kosa nyuma ya kadi. Mama alimwita Mwalimu kwa utani, na kweli mwanzoni Mwalimu alikuwa mkali. Lakini siku moja mama alikosa kadi saba mfululizo, akajifunika uso na kulia waziwazi. Binti hakuweza kuvumilia. Kadi ya nane nayo alikosa, yeye akaiwekea vema. Mama akatabasamu. Tangu hapo mkono ukazoea, na kadi zenye vema hazikurudiwa tena.

Siku mbili kabla ya mtihani, mama mdogo alipitia kwao akitoka kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Mkunga alimwambia presha imepanda, kesho alazwe. Mama mdogo aliogopa sana. Mama akamtuliza akimwambia ipo sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, naye anaijua vizuri.

"Kabla ya kukuongezea dozi wanapima presha tu, mdogo wangu. Ikiwa bado iko juu, wanakuchoma nyingine."

Binti aliikumbuka kadi ya sindano hiyo. Ilisema muuguzi ahesabu pumzi, apime kiasi cha mkojo, na agonge goti aone kama mguu unaruka. Mguu usiporuka, asitoe dozi nyingine, maana dawa hiyo ikizidi mwilini huzima pumzi. Mama alijibu "presha", na yeye akaweka vema.

Alitamani kunyamaza. Mama akivunjika moyo sasa, basi tena. Lakini mama mdogo alikuwa mbele yake, akipapasa tumbo.

"Mama, hapo ulikosa. Nilikudanganya. Na si kadi hiyo tu."

"Ni ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

Mama hakufoka, na hilo lilimuumiza binti zaidi. Alikaa chini taratibu, akasema yote yamekwisha. Kisha akamwaga kasha lote mkekani, wakaanza upya, kadi moja baada ya nyingine, siku ile na iliyofuata. Walikuta makosa arobaini na moja. Mama aliingia kwenye mtihani macho yamevimba.

Mama mdogo alijifungua salama. Majibu yalipotoka, mama alikuwa amefaulu, amevuka alama ya kupita kwa alama mbili tu. Binti alipomwomba msamaha tena, mama alimkalisha karibu.

"Najua ulinionea huruma, mwanangu. Lakini uongo wako ungemfikia mgonjwa kitandani, na yeye hakukuomba. Nikikosa, niambie nimekosa, hata kama nitalia. Mimi nikilia, nitanyamaza. Aliyekatika pumzi harudi."